Aina Saba, Zote za Ngano

Mimi nikiwa na jambo moyoni, mikono hutafuta unga. Wengine hupiga simu kwa dada zao wakalia, wengine hulala, mimi nakanda. Kwa hiyo Jumamosi ile mume wangu alipoamka akanikuta jikoni, mabakuli yote yako nje, hakuuliza kitu. Alijua. Binti yake alikuwa anakuja mchana.

Binti yake, si wetu. Nalisema mapema ili tusichanganyane. Mume wangu ni mtu wa hapa hapa Johannesburg, aliyetoka nchini bado kijana, akaenda kupigania uhuru kwa vitabu, kama anavyosema mwenyewe. Wapigania uhuru wenzake walimpeleka Uswidi kusoma. Huko akaishi na mwanamke, wakapata mtoto wa kike, na mtoto hajafika hata umri wa kwenda shule, yeye akatumwa Tanzania kufundisha kwenye makazi ya wenzake nje ya Morogoro. Alidhani atakaa kidogo arudi. Hakurudi. Morogoro akanikuta mimi, na nchi yao ilipofunguka tukaja huku pamoja, tukapata nyumba hii ya Bellevue, kuukuu, yenye vyumba vingi kuliko watu.

Vyumba hivyo nilitegemea tungevijaza. Mungu hakutupa. Na kwa kuwa yeye tayari alikuwa na mtoto mahali, kila mtu wa ukoo wake alijua kasoro iko kwa nani, ingawa hakuna aliyetamka. Walikuwa wananiangalia tumbo, kisha wananisifia keki.

Basi huyo mtoto, sasa mwanamke mzima mwenye mvi zake mbili tatu, alimwandikia baba yake kwamba anakuja kumwona. Mzee akasoma ujumbe, akanipa simu nisome na mimi, akaenda kusimama uani. Ujumbe ulikuwa wa adabu sana. Mwishoni aliandika kwamba ameshachukua chumba hotelini, Braamfontein, ili asitusumbue.

Asitusumbue. Neno hilo lilinikaa kooni wiki nzima. Mtoto ana kwao kwa baba yake, halafu anakwenda kulala hotelini, tena mwendo wa robot chache tu, taa za barabarani, kutoka hapa. Kwetu hilo ni tusi, hata kama anayelisema hajui kwamba ametukana. Chumba cha nyuma, ambacho huwa tunawapangisha wanafunzi, kilikuwa wazi. Nikakipaka rangi mwenyewe, nikanunua shuka mpya, nikazifua ili zisinuke duka. Nilitaka alale humu. Sikutaka zaidi ya hilo. Nilitaka hata mara moja katika maisha yangu nitembee kwenye korido hii nikijua kuna mtoto amelala nyuma ya mlango. Mume wangu alitaka hivyo hivyo, ila yeye hasemi. Yeye akitaka kitu sana anaanza kutengeneza bawaba za milango. Wiki hiyo milango yote ya nyumba hii iliacha kulia.

Mimi nikasema, huyu nitamkamata kwa tumbo.

Nilipokuwa msichana nilifanya kazi kwa mama mmoja wa Kiswidi, mwalimu wa watoto wadogo pale kwenye makazi ya Morogoro. Ndiye aliyenifundisha kuoka, na ndiye aliyeniambia kwamba kwao mgeni akija kunywa kahawa, mezani panakuwa na vitafunwa vya aina saba. Si sita, si nane. Sita ni ubahili, nane ni majivuno. Na mgeni anaonja kila aina. Akiruka moja amemkosea mwenyeji. Nililipenda jambo hilo maana lilinikumbusha kwetu, tunavyompima mtu kwa sahani yake. Mimi hadi leo jirani akinirudishia sahani tupu namweka moyoni. Kuna mama mmoja wa mtaa huu nilimpelekea maandazi, sahani ikarudi imeoshwa, inang'aa, haina hata limau moja juu yake. Tulisalimiana kwa mbali karibu mwaka.

Nilianza na mikate ya mdalasini, kwa sababu inataka muda wa kuumuka. Iliki nilitwanga mwenyewe. Ile ya paketi huwa imeshakufa. Unausukuma unga uwe mpana, unapaka siagi, unamwaga sukari na mdalasini, unaviringisha kama mkeka, unakata. Halafu biskuti zenye shimo la kidole katikati, shimoni unatia jamu. Halafu zile za miraba, nyeusi na nyeupe, kama ubao wa drafti. Vijiti vya lozi, ila lozi za hapa bei yake inanikera, nikatia karanga. Zile nyembamba za tangawizi na karafuu, unga wake ulikuwa umelala kwenye friji tangu jana. Zile za sukari ya kuungua, unaoka kipande kirefu unakikata mshazari kikiwa bado cha moto, ukichelewa kimevunjika. Ya saba ni keki ya chokoleti ambayo kwa makusudi haiivi katikati. Hiyo imenitia aibu mara nyingi. Wifi yangu mmoja aliwahi kunionea huruma, akaichukua kimyakimya akairudisha kwenye oveni mpaka ikawa tofali.

Mzee alipita mara moja, akainama kwenye kioo cha oveni, akasema, "Zitoe hizo," akaenda zake. Nikazitoa. Zilikuwa sawasawa. Hilo ndilo huwa linanipandisha hasira. Mtu huyu hajawahi kukaanga yai katika nyumba hii, na vitamu hali, ananiambia tangu tuoane kwamba yeye na sukari hawapatani. Lakini akipita tu anajua biskuti imeiva. Siku zote nimekuwa nikijiambia ni pua.

Kulikuwa na aina ya nane kichwani mwangu, nikaikataa. Yule mama wa Kiswidi alikuwa anatengeneza vilima vidogo vya nazi: nazi, yai, sukari, siagi, basi. Anavifinya kwa ncha za vidole vinachongoka, anavioka mpaka vilele vinageuka kahawia. Akaniambia ni vya kwao. Sikumwamini hata siku moja. Uswidi na nazi wapi na wapi. Mimi nilijua ile ni kashata iliyopotea njia, ameiona Morogoro, ameipenda, ameichukua. Kwa hiyo nilipokuwa napanga meza yangu nilijiuliza, huyu binti atoke kwao kote huko aje kupewa nazi zetu, aambiwe ni za kwao? Hapana. Nazi niliyonunua sokoni Yeoville ilikuwa ya wali wa jioni. Maana nilishaamua atakula cha jioni, na akila cha jioni giza litaingia, na giza likiingia mtaa huu hatatoka mtu. Huo ndio ulikuwa mpango.

Mnyororo wa geti ulilia mapema kuliko tulivyotarajia. Nilikuwa na unga mpaka kwenye nyusi. Mzee ndiye aliyekwenda kufungua, na nikawaona kupitia dirishani wakisimama, mmoja ndani, mmoja nje, geti liko wazi na hakuna anayepita. Mrefu kama baba yake. Paji la uso la kwake kabisa, hata mtoto mdogo angejua. Walipeana mkono. Nikasema moyoni, jamani, mkono, kama watu wa benki. Nikatoka na unga wangu nikamkumbatia mpaka koti lake jeusi likabaki na alama zangu mgongoni.

Tukaingia ndani. Meza nilikuwa nimeiandaa sebuleni, kitambaa cheupe, sahani saba zimejipanga. Binti akasimama mbele ya meza hiyo. Akahesabu kwa kidole, taratibu, kwa Kiswidi, na alipofika saba akaziba mdomo. Macho yakamjaa. Nikamwangalia mzee kumwambia kwa jicho, umeona? Hapo ndipo binti aliposema, kwa Kiingereza chake cha kunyooka, kwamba hawezi kula.

Mwili wake unaikataa ngano. Ameugundua ugonjwa huo ukubwani. Hata chembe, anaumwa tumbo siku kadhaa. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kama kuna chochote pale kisicho na ngano. Nikaitazama meza yangu. Saba zote ngano. Nimesimama tangu alfajiri, mgongo unawaka, na nimemwandalia mtoto wa watu sumu saba, nimeipanga juu ya kitambaa cheupe.

"Kwa nini hukusema mapema?" nikamuuliza.

"Sikutaka kuwasumbua," akasema.

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikamimina kahawa. Akanywa kahawa tupu. Mzee naye kahawa tupu, lakini hiyo ni kawaida yake. Wakaongea habari za hali ya hewa. Huko kwao sasa ni baridi, hapa kuna joto, ndiyo, mvua zinakuja jioni. Akauliza kama nyumba ni ya zamani. Mzee akasema ni ya zamani. Nilikaa, nikainuka, nikapanguza meza iliyokuwa safi, nikakaa. Nikamwona anachungulia simu. Kisha akasema, kwa adabu ile ile, kwamba ameita teksi ije saa kumi na moja, kabla ya mvua.

Nikaenda jikoni. Nikaivuta mbuzi yangu ya kukunia nazi, niliyotoka nayo Morogoro na ambayo forodhani walidhani ni silaha, nikaipanda, nikapasua nazi, nikaanza kukuna. Hakuna sababu. Wali nani angekula? Lakini nilikuna kwa nguvu, kwa kelele, ili wote wasikie kwamba mwenye nyumba hana raha. Nilikuwa na hasira na ngano, na teksi, na adabu za watu. Nilikuwa na hasira kwa sababu nilimtaka yule mtoto akae na sikuwa na njia ya kumwambia.

Kivuli kikaangukia bakuli. Alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia jinsi nilivyoikalia ile mbuzi.

"Nikuite nani?" akauliza.

"Niite utakavyo, mradi usiniite madamu."

Akatabasamu kidogo. Akainama akanusa bakuli. "Mama hutengeneza vya nazi kila Krismasi," akasema. "Vilima vidogo. Tunaviita vya baba. Vinamtoka vibaya, vinasambaa. Anasema hajawahi kuvipatia, maana baba ndiye alikuwa mpishi. Kila Jumamosi alikuwa anaoka yeye. Mama hata mikate ya mdalasini alijifunza kwake."

Mkono wangu ukasimama. "Baba nani?"

Akaelekeza kidole sebuleni.

Usilolijua ni usiku wa kiza, walisema, nami nimekaa gizani humo tangu ujana, na tochi iko kwenye kochi inasoma gazeti. Nikaita, "Mzee, hebu njoo." Akaja. Akaona bakuli, akamwona binti, akaniona mimi, akajua mambo yameharibika.

"Unaoka wewe?"

"Nilikuwa naoka," akasema.

"Mimi nakanda unga katika nyumba hii mpaka mabega yamekwisha, wewe unapita unaniambia zitoe hizo. Unaniambia huli sukari."

Aliegemea friji. "Eish, bibie," akasema, na sauti ilikuwa chini. "Siku niliyoondoka ilikuwa Jumamosi. Yeye alikuwa amesimama juu ya kiti, ananisaidia kufinya. Nikamwambia nakuja sasa hivi. Mikono yake ilikuwa imejaa nazi, kwa hiyo hata kunipungia hakunipungia." Alisema kwa Kiswahili, lugha ya nyumba yetu, na binti hakuelewa, akawa anatutazama mmoja mmoja. "Baada ya hapo nilikuwa nikisikia harufu tu, tumbo linafunga. Ningekwambia nini?"

Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa. Nilikuwa na maneno mengi tayari, makali, yamejipanga mstari. Niliyameza. Nikashuka kwenye mbuzi.

"Basi jiko hilo hapo," nikamwambia. "Oka."

Jiko langu sijawahi kumwachia mtu, hata wifi wa tofali alilipata kwa kuiba. Mzee akavua saa. Binti alipoelewa kinachotendeka alisugua trei mwenyewe kwa maji ya moto, akapanguza meza yote, akaitisha bakuli ambalo halijaguswa na unga, akapanguza tena. Sasa hapo hakuwa na adabu nyingi, alikuwa anaamuru, nami nikafurahi kumwona ana ukali. Mzee akaigusa nazi akasema ina maji mno, na binti alipomwambia vya mama yake vinasambaa, akasema labda nazi anailoweka. Akaitia kwenye kikaango kikavu, akaigeuzageuza mpaka mvuke ukakata. Akayeyusha siagi. Akapiga mayai na sukari kwa uma, kwa mkono ule ule ambao nimeuona ukishika koleo na bisibisi na gazeti, na ulikuwa mwepesi. Nilikuwa simjui mtu huyo.

Halafu wakaanza kuongea Kiswidi. Chake mzee kilikuwa na kutu, anatafuta neno kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, binti anampa, anaendelea. Mimi lugha hiyo najua majina ya biskuti tu. Nilisimama pale jikoni kwangu kama mgeni. Niliona wivu, nasema wazi. Niliwaonea wivu kwa lugha yao na kwa kile kiti cha zamani, na nikamwonea wivu hata yule mwanamke wa huko ambaye hawezi kufinya nazi lakini aliweza kuzaa. Nikatoka uani nikaanza kuanua nguo ambazo hazijakauka. Nikaziangika tena. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa mjini.

Niliporudi walikuwa wanafinya, bega kwa bega. Binti alikuwa anafinya kwa vidole vitatu, baba yake vivyo hivyo, bila kuangaliana. Trei ikaingia ndani. Wakakaa chini, sakafuni, mbele ya kioo cha oveni. Nilipoona vilele vimeanza kubadilika nikawatangulia.

"Zitoeni hizo," nikasema. Wakazitoa.

Alikula. Nilikaa nikamwangalia akila, kimoja, cha pili, cha tatu. Mzee akachukua kimoja akakishika muda mrefu. Akakitia mdomoni kizima. Mume wangu, asiyekula sukari, alitafuna huku machozi yanaingia kwenye ndevu, wala hakuyafuta.

Na teksi ikapiga honi.

Binti akainuka, akavaa koti lake lenye vidole vyangu mgongoni. Nilitarajia mzee aseme baki. Nikamtazama. Alikuwa anachunguza bawaba ya mlango. Basi nikafanya ninachojua: nikapanga vilima vyote vilivyobaki kwenye sahani yangu ya maua, nikafunika kwa karatasi, nikamwekea mikononi.

"Sahani yangu naitaka," nikamwambia. Ilitoka kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

Akaondoka. Mvua ikaja kama alivyosema mzee. Wali sikuupika, sahani zangu saba nikazigawa kwa majirani kesho yake asubuhi kabla hata ya chai, hata kwa yule mama asiye na limau nilipeleka, maana sikuweza kukaa. Mzee alikuwa amesimama dirishani. Nikaingia chumba cha nyuma nikanyoosha shuka ambazo hakuna aliyezikunja. Nikajiambia, nizitoe, nizirudishe kabatini, wanafunzi watakuja mwezi ujao. Nikashika pembe moja ya shuka. Hapo mnyororo wa geti ukalia.

Alikuwa amesimama nje, nywele mbichi, macho mekundu. Mkono mmoja sahani ya maua. Mkono mwingine sanduku.

"Mama mdogo," akasema, kwa Kiswahili cha kufundishwa, akitazama midomo yake mwenyewe kama angeweza kuiona. Kumbe hicho ndicho mzee alichokuwa anamfundisha jana nilipokuwa uani naanika nguo mbichi. Akaendelea kwa Kiingereza kwamba hakulala, na kwamba amevila vyote, na anaomba radhi, sahani ni tupu.

Niliipokea. Ilikuwa imeoshwa, inang'aa. Nikaichukua kwa mkono mmoja na sanduku kwa mkono mwingine, nikatangulia, maana uso wangu sikutaka auone. Mzee alikuwa amesimama koridoni na hakujua aweke wapi mikono. Nikampita. Nikamwonyesha binti chumba. Akakaa kitandani ajaribu godoro, akavua viatu, akasema atajinyoosha kidogo tu.

Saa sita mchana mzee akaja jikoni akanikuta nimesimama, mikono mitupu, mabakuli yote kabatini. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida mbona leo sikandi.

Nikamwambia ashushe sauti, mtoto amelala.